Mtoto Aliyemeza Ushanga: Niliyojifunza kwa Kuwanasihi Wanafunzi kwa Hadithi

Ninaandika haya kwa ajili ya walimu wenzangu ambao waliteuliwa siku moja kuwa walimu walezi, wakakabidhiwa ufunguo wa chumba na kuambiwa wawasikilize watoto. Mimi nilikabidhiwa ufunguo huo Januari 2022, wiki ileile ambayo shule za Uganda zilifunguliwa, tarehe 10, baada ya kufungwa karibu miaka miwili kwa sababu ya korona. Shule yetu ni ya bweni, ya wavulana na wasichana, upande wa Nebbi, kaskazini-magharibi mwa nchi, na mimi hufundisha Kiswahili. Mafunzo yangu yote ya unasihi yalikuwa somo moja la muhula mmoja nililosoma chuoni, ambalo nililifaulu kwa kukariri orodha ya sifa za mnasihi bora.

Watoto waliorudi hawakuwa wale tulioagana nao Machi 2020. Wavulana walikuwa wamevuka mpaka wa Goli kwenda kuchimba dhahabu Ituri, nchini Kongo, au walikuwa wameshinda mtumbwini wakivua, na baadhi yao walikuwa wameshika fedha nyingi kuliko mshahara wangu. Wasichana kadhaa walikuwa wamezaa. Miongozo ya Wizara ya Elimu ya mwaka 2020 iliwaruhusu warudi darasani baada ya kujifungua, na mwalimu mkuu wetu aliwapokea bila kinyongo, lakini hakuna mwongozo uliotueleza mwalimu amwambie nini msichana wa miaka 17 ambaye maziwa yanamlowesha sare katikati ya kipindi cha hisabati.

Chumba nilichopewa kilikuwa stoo ya majembe. Nilikifagia, nikaweka viti viwili, na kwa miezi miwili ya kwanza nikahubiri. Mtoto alikuwa akiingia, ananieleza kwa sentensi tatu, nami namjibu kwa sentensi thelathini. Waliitikia kwa adabu na hawakurudi mara ya pili. Ndipo nikakumbuka hadithi. Nililelewa katika kambi ya polisi, ambako Kiswahili ndicho kilikuwa lugha ya uani kwa kuwa kila familia ilitoka kabila lake, na jioni mama mmoja jirani yetu alikuwa akitukusanya nje ya jiko lake na kuita, "Hadithi, hadithi!" nasi tunaitikia, "Hadithi njoo!" Nilikumbuka jinsi tulivyomsikiliza yule mama bila kupepesa macho, nikajiambia kwamba ushauri wangu ukivikwa hadithi utapokewa. Niliichukulia hadithi kama ndizi ambayo mzazi humfichia mtoto kidonge kichungu. Karibu makosa yangu yote ya mwaka ule yalitoka katika wazo hilo, kwa sababu mtoto akikigundua kidonge hukitema pamoja na ndizi.

Msichana wa kwanza niliyemsimulia hadithi alikuwa mmoja wa wale waliozaa. Alikuwa kidato cha tatu, hodari wa kemia, na mtoto wake wa miezi tisa alikuwa amemwacha kwa mama yake, mwendo wa saa moja kwa bodaboda kutoka shuleni. Mwalimu wa darasa alimleta kwangu kwa sababu alikuwa akitoroka bwenini jioni kwenda kupiga simu dukani, na sote tuliamini kwamba alikuwa akizungumza na yule mwanamume aliyempa mimba. Nilimchagulia hadithi ya Kintu na Nambi, ambayo ni ya Buganda lakini watoto wa Uganda nzima huikuta katika masomo yao ya shule ya msingi. Nambi, binti wa Ggulu, anaruhusiwa kushuka duniani na mumewe Kintu, na baba yake anawaonya waondoke mapema, wala wasirudi hata wakisahau kitu, kwa maana Walumbe, kaka yake Nambi, akijua wanaondoka atawafuata. Njiani Nambi anakumbuka kwamba amesahau ulezi, ile nafaka ya kulisha kuku wake. Anarudi, Walumbe anamwona, anashuka naye, na tangu siku hiyo watu wanaugua na kufa. Niliisimulia vizuri, kwa maana kusimulia nakujua, na mwishoni nikamwambia kwa upole, "Mwanangu, ukishaanza safari usirudi nyuma kwa ajili ya kitu kidogo."

Akasema, "Asante, Madamu," akapiga magoti kuniaga kama ilivyo desturi kwetu, akatoka. Siku ya nne kitanda chake kilikuwa kitupu.

Nilichokuwa sikijui, kwa sababu sikuuliza, ni kwamba dukani alikuwa akimpigia simu mama yake. Mtoto alikuwa na malaria, na ilikuwa imemrudia mara mbili mwezi ule. Mimi nilikusudia kumwambia asimrudie mwanamume yule. Yeye alisikia kwamba mwanamke aliyerudi ndiye aliyekiingiza kifo duniani, na yeye alikuwa amerudi shuleni akamwacha mtoto. Akirudi kwa mtoto, pia atakuwa amerudi. Sikumwachia mahali pa kukanyaga.

Ilinichukua wiki tano kupata ujasiri wa kwenda kwao. Nililipa bodaboda shilingi 20,000 kwenda na kurudi, kutoka mfukoni mwangu, na njia nzima nilikuwa nikipanga maneno. Mama yake alikuwa uani akipepeta mtama. Alinipokea kwa heshima, akanipa kigoda, akadhani nimekuja kudai ada. Nilipomwambia, "Mama, nimekuja kumwomba radhi binti yako," aliuweka ungo chini na kunitazama muda mrefu, kwa kuwa kwetu si jambo la kawaida mwalimu kusafiri ili amwombe radhi mwanafunzi. Binti alikuwa mlangoni na mtoto mgongoni. Nilimweleza nilichokusudia, na zaidi nikamweleza nilichopaswa kumuuliza kabla ya kufungua kinywa. Hakusema lolote kuhusu hadithi. Alirudi wiki ya pili ya muhula uliofuata. Nusu ya muhula wake mmoja ilipotea, na ni mimi niliyeipoteza.

Baadaye nilikuja kujua kwamba wapo wanaoisimulia hadithi hiyo kwa namna nyingine: kwao aliyerudi kuchukua ulezi ni Kintu. Nilikuwa nimeichagua, pasipo kujua kwamba ninachagua, ile inayomtwika mwanamke mzigo wote. Tangu siku hiyo, kabla ya kuitumia hadithi yoyote na mwanafunzi, najiuliza ni nani anayelaumiwa ndani yake, na kama mtoto aliye mbele yangu anafanana naye kwa jinsia, kwa hali au kwa jambo lililomkuta. Ukiona anafanana, iache hadithi hiyo hata kama ndiyo uipendayo kuliko zote.

Kosa la pili lilikuwa dogo zaidi, lakini nalitaja kwa sababu naliona kwa walimu wengi. Mvulana aliyekuwa anarudia kidato nilimpa hadithi ya Sungura na Kobe, nikidhani ninamtia moyo. Akaniuliza kama ninamwona kobe. Nikaona ngano za wanyama ni za watoto, nikahamia kwa mashujaa wetu wa kweli. Nilimsimulia habari za John Akii-Bua, kijana wa Lango aliyekimbia mita 400 za kuruka viunzi huko Munich mwaka 1972, akiwa amepangiwa njia ya kwanza ya ndani, ambayo kona zake ni kali na wakimbiaji hawaipendi, akashinda kwa sekunde 47.82, rekodi ya dunia, na kuiletea Uganda dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki. Ni hadithi ninayoipenda sana, na machozi yalinilenga nikiisimulia. Mvulana alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Na yule aliyemaliza wa mwisho, Madamu, aliporudi kwao aliwaambia nini?"

Sikuwa na jibu, na ilinipasa nione mara moja kwamba hilo ndilo lililomleta. Alikuwa ameogopa kurudi nyumbani na matokeo yake. Baba yake alikuwa ameuza ng'ombe kulipa ada. Hadithi za washindi humwelemea aliyekwisha kuanguka, kwa sababu humwonyesha mahali ambapo hayupo. Kwa bahati nilinyamaza, naye akaendelea mwenyewe kunieleza jinsi yule wa mwisho angeweza kurudi kwao: angefika usiku, angeanza kwa mama, angeiacha habari ya ng'ombe hadi kesho yake. Tulitumia dakika arobaini kumrudisha nyumbani mkimbiaji ambaye hata jina lake hatukulijua, na mvulana yule alipokwenda likizo alifuata mpango huohuo.

Hapo ndipo nilipoanza kuitazama kazi yangu ya darasani kwa jicho jingine. Nimefundisha fasihi simulizi miaka mingi, na baada ya kila ngano tunauliza swali lilelile: hadithi hii inatufunza nini? Mwanafunzi anaorodhesha mafunzo, anapata alama. Katika chumba cha unasihi swali hilo linafunga mlango, kwa sababu mtoto hutafuta jibu analodhani mwalimu analitaka, na jibu hilo ameshalikariri. Nililiacha, nikashika maswali mawili tu. La kwanza ni, "Unaijua hadithi hii? Hebu nisimulie wewe." La pili, akishamaliza, ni, "Wewe uko wapi humo ndani?"

Likizo ya muhula wa pili nilihudhuria semina ya siku tatu mjini Arua, ambako mwezeshaji alituelezea kazi ya Michael White wa Australia na David Epston wa New Zealand, ambao tangu miaka ya 1980 walijenga namna ya unasihi inayoitwa tiba ya masimulizi. Nilichorudi nacho ni jambo moja: mtu si tatizo, tatizo ndilo tatizo. Badala ya kumwita mtoto mtoro, unamsaidia autazame utoro kama kitu kilicho nje yake, aupe jina, aeleze ulianza lini kumtembelea na siku gani hushindwa kumpata. Nilipoyasikia hayo nilifikiri kwamba ngano zetu zimekuwa zikifanya kazi hiyo kabla ya semina zote. Ndani yake Ulafi tayari ana miguu minne na anaitwa Fisi, na mtoto anaweza kumzungumzia bila kuvuliwa nguo mbele ya mtu mzima.

Oktoba ya mwaka huohuo waliletwa kwangu wavulana wawili wa kidato cha pili, watoto wa ndugu wawili, waliopigana bwenini hadi mmoja akavunjika jino. Chanzo kilikuwa kikokotoo. Mmoja alikiazima akakipoteza, akanunua kingine kipya cha aina ileile kwa shilingi 35,000 alizotumiwa na shangazi yake, na mwenye mali akakikataa. Alitaka kilekile chake. Walimu walimwona mkaidi, na adhabu ya kufyeka uwanja wiki mbili ilikuwa imeshaandikwa.

Yeyote aliyekulia upande huu wa Nile akisikia mambo hayo anawakumbuka Gipir na Labongo. Walikuwa ndugu. Tembo alivamia shamba, Gipir akanyakua mkuki uliokuwa karibu, ambao ulikuwa wa Labongo, akamchoma tembo, na tembo akaondoka na mkuki mwilini. Labongo akakataa mkuki mwingine wowote, alitaka uleule. Gipir akasafiri hadi nchi ya tembo, ambako bibi kizee alimsaidia kuupata na kumpa shanga nzuri. Siku moja, baada ya kurudi, mtoto wa Labongo akameza ushanga mmoja. Gipir naye akakataa kufidiwa. Alitaka ushanga uleule, na mtoto akapasuliwa tumbo. Ndugu wakatengana kwenye ukingo wa Nile, pale Wang Lei karibu na Pakwach, wakaweka shoka mtoni kuwa alama kwamba hawatakutana tena. Gipir akaenda magharibi, ambako Waalur humhesabu kuwa babu yao, na Labongo akabaki mashariki kwa Waacholi. Wapo wanaobadilisha nani alikuwa mwenye mkuki, lakini mkuki, ushanga, mtoto na shoka havikosekani.

Nilimwita mwenye kikokotoo peke yake. Nakiri kwamba nilikuwa na uhakika. Hadithi ilikuwa imelingana na tukio hata nikaona kama imetumwa, na tayari nilikuwa nimeshampa nafasi yake: yeye ni Labongo, ang'ang'aniaye mkuki, naye ataona mwenyewe mwisho wake. Jambo moja tu nililolifanya vizuri ni kushika maswali yangu mawili. Nikamuuliza kama anaijua. Akasema babu yake huisimulia. Nikamwomba anisimulie, kwa lugha aliyoisikia kwanza, ingawa kanuni ya shule inataka Kiingereza.

Aliwapita tembo haraka, wakati watoto karibu wote huwapenda kuliko sehemu nyingine zote. Alipofika kwenye ushanga akapunguza mwendo. Akaeleza jinsi ulivyobingirika kwenye mkeka, jinsi mtoto alivyokuwa anatambaa, jinsi mama alivyokuwa amegeuka kuchochea moto. Hayo sijayasikia kwa msimulizi mwingine yeyote. Kisha akalitaja shoka kwa sentensi moja na kunyamaza.

"Wewe uko wapi humo ndani?" nikauliza.

"Madamu, mimi ndiye yule mtoto."

Nilikuwa na sentensi ya kumsahihisha tayari kinywani. Nashukuru kwamba wakati huohuo iligongwa kengele ya chakula, ile rimu ya gari inayoning'inia kwenye mwembe, na kelele yake ikanizuia. Hakuna aliyesimama. Kengele iliponyamaza akasema, akitazama mikono yake, "Mtoto hakuiba ushanga. Aliuona unang'aa."

Yaliyofuata yalitoka polepole, siku ile na siku nyingine mbili. Wazazi wake walitengana shule zilipokuwa zimefungwa. Ukoo wa baba ulidai ng'ombe wa mahari warudishwe. Ukoo wa mama ukajibu kwamba watarudije ilhali binti yao amezaa watoto wanne na kulima miaka kumi na minne. Na kila upande ulisema ada ni juu ya upande wa pili. Alikuwa ametumwa huku na huku na barua ya shule, kama mtu anayepimwa uzito. Baba alikuwa amekwenda Mongbwalu kwenye dhahabu, na siku moja kabla ya kuondoka alimnunulia kikokotoo sokoni Paidha, akaandika jina la kijana nyuma yake kwa ncha ya msumari. Sikuwa na hadithi yoyote ya kumwonyesha kwamba kikokotoo kipya kingetosha, na sikuitafuta.

Fikiria ningemwambia kwamba yeye ni Labongo. Angekubali kwa adabu, angefyeka uwanja, na mimi ningeandika katika daftari langu kwamba kesi imekwisha. Ndiyo maana nasisitiza kwa mwalimu yeyote anayesoma hapa: unapomletea mtoto hadithi, usije na kiti alichopangiwa. Na akikaa mahali usipopategemea, usimwinue. Muulize anaona nini kutoka hapo. Anaweza kuwa mtoto, anaweza kuwa mkuki, na mwaka jana msichana mmoja aliniambia kwamba yeye ni lile shoka.

Kwa wiki sita neno "ushanga" lilikuwa neno letu wawili. Nikikutana naye kwenye foleni ya posho na maharage naweza kumuuliza, "Ushanga ukoje leo?" naye anajibu, "Umetulia," au "Unakata," na wenzake hawajui tunasema nini. Sikujua mapema kwamba faida kubwa ya sitiari ni hiyo, kwamba mtoto anaweza kukuambia jambo zito hadharani bila kulianika. Tulimwita mama yake, kisha baba yake mdogo, kila mmoja kwa siku yake, na baba mdogo akakubali kulipa nusu ya ada ya muhula uliofuata. Wazazi hawakurudiana na ng'ombe hawajamalizika kujadiliwa. Yule binamu alikiri kwamba alicheka kikokotoo kilipopotea, na kicheko hicho ndicho kilichovunja jino, si kikokotoo.

Kisha nikakosea tena. Katika chumba cha walimu, nikiwa na furaha ya kazi iliyokwenda vizuri, nilisimulia tukio hilo bila kutaja jina. Shule ni ndogo. Baada ya siku chache mwalimu mmoja, bila nia mbaya, alimwita mvulana yule "Ushanga" mbele ya darasa. Hakuja kwangu kwa wiki mbili na nusu, na alipokuja alisema tusiitumie hadithi ile tena. Tulikuwa tumebaki bila lugha. Nilidhani siri ya mwanafunzi ni jina lake na mambo ya nyumbani kwao. Sikufikiri kwamba sitiari yenyewe ni siri, tena labda ndiyo iliyo nzito kuliko zote. Sasa siiandiki hata katika daftari linalobaki shuleni. Ninayoyasimulia hapa nimeyabadilisha mahali pa kubadilishwa, na yeye mwenyewe, ambaye sasa ni mtu mzima, ameyasoma na kukubali.

Lipo jambo jingine ambalo ni zito kwangu kuliko yote, nami nitalieleza kwa ufupi kwa sababu ya mhusika. Mwaka 2023 msichana wa kidato cha kwanza alinisimulia habari za Fisi. Hakunisimulia ngano ninayoijua. Alikuwa akiitunga palepale. Fisi alikuwa na ufunguo wa nyumba. Fisi aliwapenda wageni na wageni walimpenda. Nilivutiwa na ufundi wake, nikamuuliza maswali ya ndani ya hadithi kama nilivyofundishwa, Fisi anaogopa nini, nani mwingine amemwona, na nilikaa humo ndani ya hadithi kwa vikao vitatu. Katika kikao cha tatu aliniambia Fisi hulala mchana likizo ikiwa karibu. Nikahesabu. Likizo ilikuwa imebakiza siku tisa.

Nikaweka hadithi pembeni na kumuuliza kwa maneno ya kawaida, "Fisi huyu ni mtu?" Akatikisa kichwa kukubali. "Yuko nyumbani kwenu?" Akakubali tena. Sheria ya Watoto, kama ilivyorekebishwa mwaka 2016, haimwachii mwalimu hiari katika jambo kama hilo, na siku ileile nilikwenda kwa mwalimu mkuu, tukampigia afisa ustawi wa jamii wa wilaya na dawati la polisi linaloshughulikia watoto na familia. Ipo pia namba 116, Sauti, ambayo mtu hupiga bure, hata mtoto mwenyewe, na sasa nimeibandika ukutani chumbani mwangu. Likizo ile msichana alikaa kwa shangazi yake, na yuko salama. Lakini vikao viwili vile nilivyokaa nikiusifu ufundi wake moyoni vinaniamsha usiku mpaka leo. Hadithi inampa mtoto kichaka cha kujificha anapoongea, na mtu mzima ana wajibu wa kujua wakati wa kukizunguka kichaka na kumuuliza waziwazi kama kuna anayemuumiza. Mimi siku hizi nauliza katika kikao cha kwanza, kila ninapoona mnyama mwenye makucha, na hakuna mtoto hata mmoja aliyechukizwa na swali hilo.

Mengine niliyoyaona ni madogo, nayo nitayataja tu. Usianze na "Hadithi, hadithi!" kwa kijana wa miaka 18 aliyewahi kulala mgodini, atajiona amerudishwa utotoni. Usimpe hadithi mtoto anayelia, mpe kitambaa. Mtoto aliyetoka upande wa pili wa mpaka, na shuleni kwetu wapo wengi, muulize kwanza za kwao, kwa maana Sungura wake huenda si Sungura wako. Na hadithi moja inatosha kwa muhula mzima. Nilipokuwa sijui kazi nilibadilisha hadithi kila kikao, kama mtu anayejaribu funguo, na watoto walichoka nami.

Yule msichana wa Nambi alimaliza kidato cha nne mwishoni mwa mwaka 2023. Wiki mbili kabla ya mtihani wa taifa alibisha hodi chumbani mwangu jioni, akiwa na daftari la kemia chini ya kwapa, nikadhani ana hofu ya mtihani. Akakaa. Akaniambia kwamba amekuwa akiifikiria ile hadithi, na hatukuwa tumeitaja tangu siku niliyokwenda kwao.

"Madamu," akasema, "Nambi asingerudi, kuku angekula nini?"

Nilimwambia sijui, na kwamba katika miaka yote niliyoisimulia hadithi ile sijawahi kumfikiria kuku. Akasema yeye humfikiria kila siku. Kisha akafungua daftari, akaniomba nimshikie tochi kwa kuwa umeme ulikuwa umekatika, na akaendelea kusoma mpaka kengele ya kulala.